Ubao wa futi tisa na nusu: shajara ya kutafuta vipimo vya kusimama puani

4 Mei. Vipimo vya kuanzia

Kusi limeanza kubisha hodi. Kuanzia sasa hadi Septemba ndipo bahari ya Dar inapoamka, na safari hii nataka kuingia na longibodi, ubao mrefu wa kuteleza juu ya mawimbi, niliyoichonga mwenyewe. Ninachokitaka ni kimoja tu: kutembea juu ya ubao wimbi likiwa linakwenda, nifike mbele kabisa, vidole vya miguu vining'inie nchani, na nikae hapo sekunde kadhaa bila kuzama.

Mbao za kazi hiyo zina vipimo vinavyojulikana. Kwa mtu mzima wa kawaida urefu huwa futi 9 na inchi 4 hadi futi 9 na inchi 8, upana inchi 22¾ hadi 23½, unene inchi 3, kasorobo kidogo au na ushee. Pua, yaani sehemu ya mbele ya ubao, hupimwa inchi 12 kutoka nchani, na hapo upana huwa inchi 18 hadi 19. Mkia nao hupimwa vivyo hivyo, inchi 14½ hadi 15½. Ukiona mtu anakutajia upana wa pua bila kusema kaupima wapi, usimwamini.

Tatizo ni kwamba vipimo hivi vilizaliwa California. Mwaka 1965 Tom Morey aliandaa mashindano kule Ventura ambayo waamuzi walihesabu kwa saa muda mtu aliokaa puani, na Mickey Muñoz akashinda. (Morey huyo huyo ndiye aliyebuni mwaka 1971 kibao kifupi cha kulalia ambacho leo watoto wa Coco Beach wanakigombania kila Jumapili.) Mawimbi ya pwani ile, Malibu kwa mfano, yanatoka mbali, yameshajipanga njiani, na yakifika kwenye rasi yanaanza kuvunjika upande mmoja na kuendelea taratibu hadi mwisho. Una nafasi ya kutembea.

Ya kwetu ni watoto wa upepo. Yanazaliwa karibu, kati ya Unguja na Mafia, yanafuatana kwa haraka, na mara nyingi yanavunjika sehemu mbili tatu kwa pamoja. Rasi ya namna ya Malibu hapa mjini hatuna. Iko kona moja ya mwamba kusini ya Kigamboni ambayo kusi likiwa la wastani hufungua wimbi la upande mmoja. Jina lake sitalitaja, anayeijua anaijua. Kwa hiyo swali la mradi huu si "vipimo vya ubao wa puani ni vipi", bali ni vipimo vipi kati ya vile vitavumilia Coco Beach siku za kawaida na bado vifanye kazi kwenye kona ile siku njema.

11 Mei. Mkia kwanza

Watu wengi wakisikia kusimama puani wanahangaika na pua. Waifanye pana, waichimbe chini, wainyanyue. Kazi kubwa inafanywa na mkia.

Chukua kijiko, kishike kwa ncha ya mpini kining'inie, kisha sogeza mgongo wake taratibu kwenye maji ya bomba. Hakisukumwi nje, kinavutwa ndani ya maji. Maji yanaufuata ule mviringo, na yakiufuata yanaushika. Mkia wa ubao wa puani ni mgongo wa kijiko. Ukiwa umepinda kwenda juu, na kingo zake zikiwa za mviringo, maji yanayopita chini na pembeni yanaukamata. Halafu ubao ukikaa mahali pake, sehemu ya wimbi iliyokwisha kuvunjika inapita juu ya mkia na kuulalia. Kilo zangu 78 ziko mbele, maji yako nyuma, ubao unakuwa mzani. Mkia ukiponyoka, hakuna pua duniani itakayokuokoa.

Baada ya kuchora na kufuta, nimeamua hivi. Urefu futi 9 na inchi 6. Upana inchi 23¼, ile sehemu pana kabisa ikiwa katikati. Unene inchi 3⅛. Pua inchi 18¾, mkia inchi 15¼, uliokatwa mraba. Mpindo, yaani kiasi ncha inavyonyanyuka, ni inchi 4 puani, inchi 4½ mkiani, na sehemu kubwa ya mpindo wa mkia imebanwa kwenye futi mbili za mwisho. Chini ya pua kuna bonde la kina cha inchi ⅜ linaloanzia karibu na ncha na kuisha inchi 30 nyuma yake. Kingo ni za mviringo pande zote, nusu juu nusu chini. Kwa hesabu za haraka ujazo unakuja kama lita 77.

Mwenzangu mmoja alishikilia futi 10. Kwa wimbi la Malibu ningekubali. Kwa mawimbi yetu yaliyokaribiana, ubao mrefu hivyo unakuwa na mkia kwenye wimbi moja na pua inachungulia mgongo wa lililotangulia. Na kuna pantoni pia. Jaribu kuvuka Magogoni saa moja asubuhi na kitu cha mita tatu begani uone utakavyoombewa dua.

19 Mei. Foamu na gundi

Foamu ni ile nyeupe ya punje, inauzwa kwa vipande vya futi 8 kwa 4, unene inchi 2. Nenda na mzani. Nyingi ni laini mno. Kipande kimoja kikija kilo mbili ni cha kufungashia televisheni, kiache hapo hapo. Nilichagua vinavyokaribia kilo tatu, shilingi 35,000 kila kimoja, vitatu. Nimevikata kwa urefu kupata vipande vya futi mbili, nikavipanga tabaka nne, maungio yakipishana kwa sababu hakuna kipande kinachofika futi 9 na nusu.

Gundi ilinila wiki. Nilijaribu kwanza gundi nyeupe ya mbao, kopo la 12,000. Siku ya tano nilipobandua kipande cha majaribio, kingoni imekauka, katikati bado ni uji. Gundi ile hukauka kwa kupoteza maji, na foamu haiyapi maji njia ya kutokea. Fundi mmoja wa Keko, mtu mzima aliyenikatia plaiwudi ya katikati, akanipa dawa yake.

"Mwanangu, hapo weka gundi ya viatu. Dakika kumi umemaliza."

"Mzee, si itaila?"

"Haili kitu hiyo."

Tukaweka tone kwenye kipande chakavu. Tone likazama taratibu, likatoboa upande wa pili, likadondoka kwenye kandambili yake. Akalitazama, akasema, "Basi hiyo si foamu, hiyo ni sukari."

Jibu ni epoksi (rezini ya kuchanganya sehemu mbili hadi igande) iliyozidishwa uzito kwa vumbi laini la mbao, ikapakwa nyembamba. Inashika usiku mmoja. Plaiwudi ya milimita 6 imesimama katikati kutoka pua hadi mkia. Ndiyo uti wa mgongo, na imekatwa kwa mpindo nilioutaka.

1 Juni. Waya wa moto

Koili ya jiko la umeme, 3,000 Kariakoo, ikanyooshwa na kufungwa kwenye upinde wa mbao, umeme wa betri ya gari. Violezo viwili vya plaiwudi vyenye umbo la mpindo vimepigiliwa pande zote za bonge, waya unateleza juu yake, watu wawili, mmoja kila upande. Fanyeni nje, moshi wake si wa kuvuta.

Siri iko kwenye mwendo. Mkisimama, waya unachimba shimo. Mkikimbia, katikati ya waya inabaki nyuma na uso unatoka na mgongo. Wa kwetu ulitoka na mgongo wa kama robo inchi karibu na mkia, nikauondoa kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao mrefu. Mabaki ya foamu usitupe. Kipande cha chini ndicho kitanda kamili cha kulazia ubao wakati wa kupaka rezini, kwa kuwa kina mpindo ule ule.

15 Juni. Kuchonga

Sura, kingo, bonde la pua. Msasa namba 40, kisha 80. Foamu hii haipendi randa, inang'oa punje. Taa moja chini kabisa usiku, ubao pembeni yake, na kila kilima kinajionyesha.

29 Juni. Rezini, faibaglasi na joto la Dar

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea.

Mafundi wa boti na matenki ya maji hapa mjini wanatumia rezini ya poliesta na ile faibaglasi ya nyuzi zilizotawanywa ovyo. Ni rahisi na inapatikana. Kwa foamu hii haifai hata kidogo. Poliesta inaiyeyusha; niliweka kikombe kidogo (9,000 za majaribio) ikachimba bakuli ndani ya dakika chache. Ukidhani utachukua epoksi na kuitumia na ile faibaglasi ya nyuzi, nayo inagoma, kwa kuwa kinachoshikanisha zile nyuzi kimetengenezwa kiyeyuke ndani ya poliesta. Kwenye epoksi kinabaki kigumu, nyuzi hazilali, unapata matope meupe. Unahitaji faibaglasi iliyofumwa kama kitambaa. Niliagiza Mombasa, mita 12 za gramu 200 kwa mita ya mraba, jumla 168,000, na 20,000 ya kuisafirisha. Epoksi kilo 6 kwa 38,000 kila kilo.

Sasa joto. Kwenye kopo imeandikwa dakika 30 za kufanyia kazi. Hizo ni dakika za nchi za watu. Mchana wa Dar, gramu mia nne kwenye kikombe kirefu zilianza kutoa moshi kabla sijamaliza upande mmoja wa mkia, kikombe kikayeyuka chini. Rezini ikiwa imejikusanya inajipasha yenyewe, na ikijipasha inakimbia zaidi. Dawa: changanya gramu mia mbili tu kwa mara moja, pima kwa mzani wa jikoni bila kukisia, na ukimaliza kukoroga mimina yote juu ya kitambaa mara moja au kwenye sinia pana. Ikitandazwa inapoa.

Kisha likaja tatizo jingine. Nilipaka upande wa chini asubuhi, kukiwa na ubaridi. Jua lilipopanda, hewa iliyomo ndani ya foamu ikavimba, ikatafuta pa kutokea, ikanyanyua kitambaa: mapovu ya ukubwa wa punje ya kunde kuanzia katikati hadi puani. Nikayapasua, nikasugua, nikaziba kwa epoksi yenye vumbi. Kazi ya siku mbili kwa sababu ya saa nne za jua.

Upande wa juu nilianza saa kumi na moja jioni. Joto linashuka, foamu inavuta hewa ndani badala ya kuitoa, na rezini inanyonywa kwenye punje. Hakuna povu hata moja. Kasoro yake ni unyevu: asubuhi uso ulikuwa unateleza, una utando wa nta. Usipake tabaka linalofuata juu ya utando huo, halitashika. Osha kwa maji ya kawaida na sponji, kausha, piga msasa, ndipo uendelee.

Juu nimeweka tabaka mbili, chini moja, na kipande cha ziada mahali mguu wa nyuma unapokaa. Ulipokauka kabisa, ubao una kilo tisa na ushee. Wakongwe wangesema ni mwepesi. Ningeongeza tabaka chini kama kitambaa kingetosha, maana upepo wa kusi unaurusha ubao mwepesi, na uzito ndio unaoupitisha juu ya vijiwimbi.

13 Julai. Pezi na kisanduku chake

Pezi, lile bapa linalosimama chini ya mkia na kushika maji, kwa kazi hii ni moja tu, refu, limesimama wima badala ya kulala nyuma. Nimelichonga kwa mninga, kina cha inchi 10, nikalivika faibaglasi pande zote.

Visanduku vya kushikilia pezi ndani ya ubao, vya dukani, sikuvipata. Nimechonga cha mninga chenye mfereji wa inchi 10 na nusu, bolti mbili za chuma kisichoshika kutu, nikakizamisha na kukizungushia epoksi. Mfereji mrefu ni wa lazima, si pambo. Kusogeza pezi inchi mbili mbele au nyuma kunabadilisha ubao kuliko kubadilisha upana kwa nusu inchi, na kunahitaji bisibisi tu.

Nta ya kushika miguu: nta ya nyuki ya Tabora na mafuta ya nazi. Mapishi ya mtandaoni yanataka nusu kwa nusu. Hapa mafuta ya nazi hayajui kuganda, basi weka sehemu nne za nta kwa moja ya mafuta, la sivyo utakuwa umejikaanga.

26 Julai. Majini, Coco Beach

Panga siku kwa mwezi. Maji ya bamvua hapa yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kilele chake kinaangukia saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yaani asubuhi nzuri unakuta mwamba mtupu. Subiri siku tatu nne baada ya bamvua. Maji yanajaa kwenye saa moja asubuhi, upepo bado haujaamka vizuri, na una saa mbili za kucheza.

Dereva wa bajaji wa kwanza alitazama mzigo uliofungwa turubai, akauliza, "Bosi, msiba uko wapi?" Wa pili alikubali kwa elfu kumi, ubao ukatoka mbele na nyuma.

Kupiga makasia kwa mikono ni raha, unaelea juu juu. Kuingia kwenye wimbi ndiko kugumu: ubao unasita. Wimbi linauinua mkia, mkia uliopinda inchi 4½ unajivuta, na mawimbi yetu hayana subira, linapita. Nikasogea mbele zaidi kifuani, ukaingia. Chini ya pua lile bonde linapiga makofi kwenye kila kijiwimbi.

Ukishaingia, hadithi inabadilika. Simama, geuza kidogo, ngoja wimbi likufikie mgongoni, kisha tembea kwa kupishanisha miguu, usiburute. Mguu mmoja ulifika nchani, vidole vitano vikaning'inia, na mkia ukabaki umeshikwa kweli kweli. Nilipoleta mguu wa pili, mkia uliteleza upande, ubao ukageuka, nikaanguka. Ikajirudia hivyo hivyo. Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani; wao chombo chao kilikuwa na ngama, changu marejeo ni majini moja kwa moja.

9 Agosti. Pezi nyuma

Mkia unaoteleza upande si tatizo la mpindo, ni la mshiko wa pembeni. Nililiweka pezi katikati ya mfereji kwa ajili ya kugeuka vizuri. Leo nimelisukuma hadi mwisho kabisa nyuma, karibu inchi tatu. Ubao umekuwa mzito kugeuza, lazima urudi hadi mkiani na ukanyage kwa nguvu. Lakini kule mbele puani kumetulia. Vidole kumi, mara ya kwanza, kwa muda wa kutosha kuyaona maji yakipita chini ya kucha.

Maji yalipoanza kushuka nilibaki kwa wimbi moja la ziada, na pezi likagonga mwamba. Lilikatika inchi mbili za chini, kisanduku hakikutikisika. Nimelichonga upya kwenye umbo la inchi 8, na lilivyo sasa linatosha Coco Beach. La inchi 10 nitachonga jingine kwa ajili ya kona ya Kigamboni, ambako maji ni marefu.

24 Agosti. Kona ya kusini, na vipimo vya ubao wa pili

Kusi la wastani, wimbi la kimo cha kifua, linafunguka upande mmoja. Pezi jipya la inchi 10, mwisho wa mfereji. Hapa ubao ule ule uliokuwa ukisita Coco Beach umekuwa na akili. Ule mkia unaojivuta, ambao kule ulinikosesha mawimbi, hapa ndio unaokuzuia usikimbie mbele na kuliacha wimbi. Unasubiri mahali pake, maji yanaulalia, unatembea. Kwa hiyo vipimo vya California havina kosa; vinadai wimbi la California.

Kwa kuwa siku nyingi niko Coco Beach, ubao wa pili utakuwa hivi. Urefu futi 9 na inchi 4, upana inchi 23½ kufidia. Unene ule ule. Pua inchi 18½, mkia inchi 15. Mpindo wa mkia ushuke hadi inchi 3¾ na uanze mapema kidogo, ili uingie kwenye wimbi bila kujivuta ila mviringo ubaki. Bonde la pua robo inchi tu, na liishie inchi 24, kelele ipungue. Kingo sizigusi. Tabaka mbili chini badala ya moja, ufike kilo kumi na nusu.

Gharama ya huu wa kwanza: foamu 105,000, epoksi 228,000, faibaglasi na usafiri wake 188,000, gundi na poliesta za majaribio 21,000, plaiwudi 10,000, koili 3,000, mninga na bolti 29,000, msasa, brashi, glovu na barakoa 55,000, nta na mafuta 8,000, kamba ya mguuni ya mitumba 30,000, bajaji na guta 40,000. Jumla 717,000. Anayefuata njia hii bila majaribio ya gundi atapunguza 21,000, na akipata mwenzake wa kuagiza naye faibaglasi, nauli ya Mombasa wanagawana.

Violezo vya mpindo, wa zamani na mpya, nimevikata kwenye plaiwudi na vinaazimwa. Sharti ni kuvirudisha vikiwa havijaungua pembeni, maana waya wa moto ukisimama juu ya kiolezo unaacha alama, na ubao unaofuata unairithi.